Vipele vya Sandarusi

Anayepulizia vanishi kigari cha plastiki hutaka rangi ionekane, vanishi yenyewe isionekane. Tabaka likikauka laini, mwanga huligonga na kurudi kwa mpangilio, nacho kigari hung'aa kama gari la kweli. Likikauka na vipele mfano wa ganda la chungwa, mwanga hutawanyika na kazi imeharibika.

Leo vanishi hiyo ni akriliki ya kiwandani. Katika karne ya 19, miongoni mwa vanishi zilizosifiwa kuliko zote ni zile zilizopikwa kwa sandarusi, utomvu uliochimbwa katika ukanda wa pwani unaoshuka hadi karibu na Rasi Delgado. Mingoyo, pale mto Lukuledi unapoikaribia hori ya Lindi, imo ndani ya ukanda huo.

Utomvu wa msandarusi ulio hai, au uliodondoka karibuni, uliitwa chakazi. Ulikuwa laini na bei yake ndogo. Mwingi ulipelekwa India na China. Wazungu walishindwa kulitamka jina hilo, wakalifanya “jackass”, yaani punda. Sandarusi ya thamani ilikuwa ile iliyozikwa mchangani kwa karne nyingi, hata pale ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka. Mafuta yake mepesi yalikuwa yameondoka, ikabaki ngumu kama jiwe. Nayo ilitambulika kwa ngozi yake: ikishaoshwa, ilikuwa na vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo, ambavyo fundi wa vanishi angevilaani juu ya kazi yake, kwa mnunuzi wa Unguja vilikuwa hati ya ubora.

Wachimbaji walifukua vishimo vifupi mvua ikishalainisha ardhi, wakabadilishana walichopata kwa nguo. Kutoka bandari kama Kilwa na Lindi mzigo ulikwenda Unguja, ukapimwa kwa frasila. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Walileta merikani, wakaondoka na sandarusi. Huko Salem kiwanda cha Jonathan Whipple kiliisafisha. Wapishi wa vanishi waliiyeyusha kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya kitani, kisha tapentaini. Ikaishia juu ya magari ya farasi na samani za watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Lindi.

Mwishoni mwa karne hiyo mpira wa porini ulivuta mikono ya wengi. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani ukatoa sheria ya kuhifadhi misitu, na maeneo ambayo watu waliyatumia kwa riziki yakaanza kuwekewa mipaka. Baadaye vanishi za kemikali zikaimaliza biashara.

Sisi tunaosoma historia ya pwani hii hufundishwa pembe na watumwa, na ni haki tufundishwe. Lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kuwa sandarusi nayo iliwafungamanisha watu wa bara ya pwani na soko la dunia. Ukimtafuta mchimbaji kwenye nyaraka utakuta frasila, bei na majina ya meli. Jina lake hulikuti. Kazi yake ilifanikiwa mno: vanishi nzuri haionekani, nasi tumezoea kutazama rangi iliyo chini yake.