Bogenvilia Yako Haitoi Maua? Punguza Maji, Ongeza Jua

Cheki mageti ya Nairobi ama Mombasa. Ule mmea wa miiba unaowaka zambarau, nyekundu ama chungwa ndio bogenvilia. Tumeuzoea hadi wasee wengi hudhani ni wa huku. Zii, asili yake ni Amerika Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliupata Rio de Janeiro, Brazil, mwaka wa 1767, ukaitwa jina la mkuu wa msafara wao, Louis-Antoine de Bougainville. Msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, dame aliyevaa kiume ndio aingie melini.

Sasa ishu iko hapa. Unanunua mche umejaa maua, unaufikisha keja, unaumwagia maji kila asubuhi na mbolea juu. Baadaye ni majani tu, na doh imeenda. Usimlaumu muuzaji, umeudekeza. Bogenvilia ikishiba maji na mbolea ya samadi hukuza majani. Ikionja kiu kidogo, inachanua. Ndio maana inawaka sana kiangazi cha Januari na Februari.

Fanya hivi:

Jua: Iweke mahali inapigwa na jua masaa 6 ama zaidi kwa siku. Kivulini utangoja sana.

Maji: Ingiza kidole kwa mchanga. Kama juu bado pako na unyevu, wacha. Mkebe lazima utobolewe chini, maji yakisimama mizizi inaoza.

Kukata: Maua yakiisha, punguza matawi. Maua mapya hutokea kwa machipukizi mapya.

Kuongeza bila kununua: Omba jirani tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Toa majani, panda kwa udongo uliochanganywa na mchanga, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki kadhaa, so usiling'oe kucheki.

By the way, ile rangi unaona si petali. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati.

Na kama ploti yako haina ukuta, panda mstari mmoja kando ya waya. Ikishikana, mwizi atafikiria mara mbili. Lakini vaa glavu ukiikata, na usiipande mahali watoi hucheza. Hiyo miiba haijui mwenye nyumba.