Nani Humnunulia Mtoto Kitabu? Riwaya ya Farasi nchini Uingereza na Marekani, 1877–1988

Utangulizi

Historia ya fasihi ya watoto aghalabu huandikwa kama historia ya watunzi na tungo zao. Mtazamo huo una manufaa, lakini huacha kando swali ambalo kila mchapishaji hulazimika kulijibu kabla ya kupeleka mswada mtamboni: nani atakayekilipia kitabu? Msomaji mtoto kwa kawaida hana fedha. Baina yake na mtunzi husimama mzazi, shule, maktaba, chama au serikali. Makala haya yanalifuatilia swali hilo kupitia utanzu mmoja mdogo, yaani riwaya za farasi zilizosomwa na vijana wa Uingereza na Marekani. Inajengwa hoja kwamba kila alipobadilika mnunuzi, farasi wa hadithini naye alibadilika; na kwamba mtunzi, ambaye bila yeye kitabu kisingekuwapo, mara nyingi hakuwa mnufaika mkuu.

Farasi wa kazi na jumuiya za kutetea wanyama

Anna Sewell alizaliwa Great Yarmouth mwaka 1820. Aliumia miguu akiwa msichana na tangu hapo alitegemea magari ya farasi kwa safari zake nyingi. Kati ya mwaka 1871 na 1877, akiwa mgonjwa, aliandika Black Beauty, pengine akimtamkia mama yake maneno naye akayaandika. Kitabu kilichapishwa na Jarrold mwishoni mwa mwaka 1877. Sewell alikubali malipo ya mara moja pasipo mrabaha, akafariki Aprili 1878.

Riwaya hiyo haikukusudiwa watoto hasa. Iliwalenga watu waliofanya kazi na farasi: watunzaji wa mabanda, madereva wa magari ya kukodi na wachukuzi. Msimuliaji ni farasi mwenyewe, anayepita mikononi mwa bwana mmoja baada ya mwingine. Kupitia macho yake msomaji anaona hatamu ya kulazimisha kichwa kiinuke, iliyopendwa na matajiri kwa sababu ya fahari ingawa ilimtesa mnyama. Anaona pia kwamba ukatili hautokani na roho mbaya peke yake. Kijana Joe Green nusura amuue farasi kwa kutojua tu. Dereva Jerry Barker ni mwema, lakini leseni, kodi na baridi ya London vinambana yeye kama vinavyombana farasi wake. Kwa hiyo mateso ya mnyama na ufukara wa mfanyakazi vimeelezwa kama jambo moja.

Nchini Marekani kitabu kilienezwa na chombo cha uanaharakati. George Thorndike Angell, mwasisi wa jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama ya Massachusetts, alikitoa mwaka 1890 kwa bei nafuu ili kisambazwe kwa wingi. Aliongezea katika jina la kitabu maneno yaliyokilinganisha na riwaya ya Harriet Beecher Stowe iliyopinga utumwa. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikulinda hakimiliki za waandishi wa kigeni, hali iliyoanza kubadilika mwaka 1891. Hivyo usambazaji huo haukudai malipo yoyote kwa upande wa mtunzi. Watoto walikipokea kitabu kupitia mlango huo wa maadili, wakakifanya chao.

Farasi wa burudani na mzazi wa tabaka la kati

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, magari ya injini yaliendelea kumwondoa farasi barabarani. Mtu angetarajia kwamba riwaya yake nayo ingetoweka. Ilitokea kinyume chake. Mwaka 1929 ilianzishwa Pony Club, chama cha kuwafundisha watoto wa Uingereza kupanda na kutunza farasi. Kwa familia zenye uwezo wa wastani, farasi mdogo akawa sehemu ya malezi. Mzazi aliyelipia mafunzo ya mtoto ndiye huyohuyo aliyemnunulia kitabu.

Mabadiliko hayo yanaonekana wazi katika A Pony for Jean ya Joanna Cannan, iliyotoka mwaka 1936. Msimuliaji si farasi tena, bali msichana. Jean, ambaye familia yake imepungukiwa na mali, anapewa na jamaa zake matajiri farasi mdogo aliyekonda, anamlea, kisha anashinda naye mashindanoni. Mabinti wa Cannan, yaani Josephine, Diana na Christine Pullein-Thompson, walichapisha kwa pamoja It Began with Picotee mwaka 1946, kisha kila mmoja akaendelea kuandika. Jumla ya vitabu vyao ilizidi 100.

Utanzu huo uliwapa wasichana nafasi ambayo hadithi nyingi za wakati huo ziliwanyima: kufanya maamuzi, kuanguka na kuinuka, kushindana bila kuomba radhi. Faida hiyo ilikuja na hasara yake. Dereva maskini na mtunza banda, waliokuwa katikati ya masimulizi ya Sewell, walisogezwa pembeni. Farasi aliacha kuwa mfanyakazi mwenza wa maskini, akawa zawadi.

Maktaba, tuzo na mfululizo

Nchini Marekani njia ilikuwa tofauti kidogo. Maktaba za umma zilikuwa mnunuzi mkubwa, na Nishani ya Newbery, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 chini ya chama cha wakutubi, iliongoza uteuzi wao. Smoky the Cowhorse ya Will James iliipata mwaka 1927, na King of the Wind ya Marguerite Henry mwaka 1949. Riwaya hii ya pili inamfuata farasi kutoka Morocco hadi Uingereza akiandamana na mtunzaji wake, kijana bubu. Katika vitabu hivi mtu wa kazi bado yupo, na pana utafiti wa historia na jiografia uliomridhisha mkutubi.

Mwaka 1988 ulianza mfululizo wa The Saddle Club kwa jina la Bonnie Bryant. Vitabu vyake vya jalada jepesi viliuzwa kwa bei ambayo mtoto angeweza kuimudu kwa fedha zake ndogo. Hadi mwaka 2001 vilitoka zaidi ya 100, na baadhi viliandikwa na watunzi ambao majina yao hayakuwa jaladani. Mtoto hatimaye alikuwa mnunuzi, mtunzi akafichika.

Hitimisho

Historia hii inaihusu Afrika Mashariki kwa njia mahususi. Farasi hakuenea sana katika eneo hili, sababu mojawapo ikiwa maradhi yaenezwayo na mbung'o. Anayelingana na farasi wa Sewell hapa ni punda, mbeba maji na mizigo, ambaye biashara ya ngozi yake ilipigwa marufuku na Umoja wa Afrika Februari 2024. Swali la mnunuzi nalo si geni. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulijenga mpango wake juu ya kununua sehemu ya nakala za wachapishaji ili zipelekwe shuleni.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa na washauri wa sera. Kwanza, mnunuzi mmoja huzaa aina moja ya kitabu: jumuiya ya maadili huzaa mahubiri, mzazi mwenye uwezo huzaa ndoto za wenye uwezo, soko la bei nafuu huzaa mfululizo. Palipo na maktaba, tuzo, shule na maduka kwa pamoja, ndipo watoto wa matabaka mbalimbali huweza kujiona vitabuni. Pili, mpango wowote wa kusambaza vitabu kwa bei nafuu utamke bayana mrabaha wa mtunzi. Kitabu cha Sewell kilitetea viumbe wanaofanya kazi bila ujira wa haki, nacho kikaenea kwa namna ambayo haikumlipa aliyekiandika.