Theluji ikiyeyuka, rutuba huondoka na maji

Mkulima aliyeweka mbolea leo, kesho yake ikanyesha mvua kubwa, anaijua hasara hiyo bila kuambiwa. Katika nchi za baridi hasara ya namna hii ina msimu wake maalumu, nao huja wakati shambani hakuna hata jani moja la kijani.

Mfano mzuri ni Manitoba, jimbo lililo katikati ya Kanada. Wakulima wa huko hulima ngano, kanola na soya, na wengi hufuga nguruwe na ng'ombe. Kuanzia Novemba theluji hufunika mashamba. Ikifika Januari, baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, na udongo huganda ukawa mgumu kama zege. Theluji inayoanguka haiendi popote. Hurundikana pale pale shambani kwa miezi kadhaa.

Jua la mwisho wa Machi na Aprili likikolea, maji yote hayo huachiliwa ndani ya wiki chache tu. Theluji ya juu inayeyuka, lakini udongo wa chini bado umeganda, hivyo maji mengi hayana pa kuzama. Huteleza hadi mtaroni, kisha kijitoni. Vijito ambavyo mwezi Agosti huweza kukauka kabisa hupitisha zaidi ya nusu ya maji yao ya mwaka mzima katika siku hizo chache, na hakuna mazao yaliyo hai ya kunyonya rutuba inapopita.

Kinachowasumbua zaidi ni fosforasi. Tumezoea kusikia kwamba fosforasi huondoka ikiwa imeshikamana na chembe za udongo, kwa hiyo ukizuia mmomonyoko umeizuia pia. Kwenye mvua zetu kubwa hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Maji ya theluji yana tabia nyingine. Hayaipigi ardhi kama matone ya mvua, hubeba udongo kidogo, na sehemu kubwa ya fosforasi imo ndani yake ikiwa imeyeyuka kama chumvi. Unaweza kuchota maji hayo kwenye glasi, usione chochote.

Jambo hilo lilijitokeza wazi kwenye kijito kiitwacho South Tobacco Creek, kusini mwa Manitoba. Kwa miaka mingi watafiti walipima maji yanayotoka kwenye mashamba mawili jirani, moja likikatuliwa kwa kawaida, jingine likiachiwa mabua na kukatuliwa kidogo sana. Shamba la mabua lilipoteza udongo na naitrojeni kidogo zaidi, pungufu kwa takribani theluthi mbili. Lakini fosforasi iliongezeka. Mabua na magugu yakiganda, seli zake hupasuka na kuachia fosforasi, kama mboga iliyoganda inavyotoa maji ikiyeyuka. Tena udongo usipogeuzwa, fosforasi hubaki tabaka la juu, ambako maji ya theluji hupita. Fikiria mkulima aliyesifiwa kwa kuacha plau, kisha akaambiwa afikirie kukatua tena mara moja kila baada ya miaka kadhaa!

Msikilizaji unayetandaza mabua Babati au Machakos, usiyaondoe kwa sababu ya habari hii. Kwako hakuna baridi ya kuyapasua, na faida ya kuzuia mmomonyoko na kutunza unyevu iko palepale.

Samadi ni suala jingine. Ikimwagwa juu ya theluji, haina njia ya kuingia ardhini. Husubiri tu kusombwa. Ndiyo maana sheria ya Manitoba inakataza kuimwaga mashambani kati ya 10 Novemba na 10 Aprili, na mfugaji lazima awe na mahali pa kuihifadhi kipindi hicho chote. Mbolea ya fosforasi nayo ni bora ifukiwe chini pamoja na mbegu kuliko kutupwa juu. Kwenye South Tobacco Creek wakulima walijenga pia mabwawa madogo zaidi ya 20, ambayo huyashika maji ya theluji na kubakiza sehemu ya rutuba.

Yanayopita huingia Red River, mto unaotoka Marekani kwenda kaskazini hadi Ziwa Winnipeg. Mto huo huleta chini ya moja ya tano ya maji yanayoingia ziwani, lakini zaidi ya nusu ya fosforasi. Majitaka ya jiji la Winnipeg yamo pia, na wakulima wana haki ya kulikumbusha hilo. Joto la kiangazi likifika, mwani hutanda ziwani. Aina fulani zina sumu, nyavu za wavuvi hujaa utelezi, na mwani ukioza humaliza oksijeni ambayo samaki huitegemea.

Fosforasi iliyotua kwenye tope la ziwa inaweza kurudi majini miaka mingi baadaye. Hata mashamba yote yakirekebishwa mwaka huu, ziwa litaendelea kuwa la kijani kwa viangazi kadhaa.