Leza na Miguu Yetu: Ilianzia Wapi?

Bibi harusi akishatiwa hina, macho yote huenda miguuni. Siku hizi tunasikia leza ikitajwa kwa visigino vinavyouma, vifundo vilivyoteguka na kucha zenye fangasi. Tuijue asili yake kabla ya kuilipia.

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Marekani tarehe 16 Mei 1960, kwa kijiti cha yakuti ya kutengenezwa. Mwaka 1967, mjini Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa kwa leza hafifu. Akaona ajabu: pale palipomulikwa, manyoya yaliota haraka zaidi. Baadaye akawamulika wagonjwa wenye vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Kwa hiyo miguu imo katika tiba hii tangu mwanzo.

Leza ya kucha ni nyingine. Hiyo ni kali, hupasha ukucha moto. Marekani iliiruhusu mwaka 2010, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa kucha zionekane safi kwa muda, si kwamba fangasi amepona. Tena ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi kuota upya. Bibi harusi, usiahidiwe miujiza ya wiki moja.

Na mwenye kisukari akiona kidonda mguuni, hospitali kwanza, leza baadaye. Tunaosha miguu kwa udhu kila siku. Basi tuitazame pia, hadi katikati ya vidole.