Sheria inavyomkabili dereva anayetumia simu barabarani

KURUWITU, eneo la wavuvi katika Kaunti ya Kilifi ambalo hifadhi yake ya baharini ilituzwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017, liko upande wa pwani wa barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Asiye na gari hushuka matatu barabarani na kupanda bodaboda hadi ufuoni. Si ajabu katika safari hiyo kumwona mwendeshaji akizungumza na simu aliyoichomeka ndani ya helmeti, au dereva akiipokea kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika usukani.

Wengi huamini kwamba wakinaswa watalipa faini ndogo na kuendelea na safari. Imani hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo. Kiasi hicho kinahusu kitendo chenyewe, pasipo mtu kudhurika.

Kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakitaji simu. Kinamwadhibu anayeendesha bila uangalifu au bila kuwajali wengine barabarani. Hivyo anayekula muhogo, au anayetazama video, aweza kushtakiwa sawa na mwenye simu.

Mtu akifa, kifungu cha 46 ndicho hutumika. Dereva aliyesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari aweza kufungwa hadi miaka 10, na mahakama hufuta leseni yake na kumzuia kupata nyingine kwa miaka mitatu. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya kifungo kumalizika, jambo ambalo aghalabu halijulikani mpaka hukumu isomwe.

Hata hivyo, ajali pekee haithibitishi hatia. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 1975 kwamba pamoja na hali ya hatari, ni lazima dereva awe amekosea kwa kiasi fulani. Hapo ndipo simu hugeuka ushahidi. Rekodi za kampuni ya simu zaweza kuonyesha dakika ya mazungumzo, mradi ziambatane na hati inayotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Haziwezi, lakini, kuonyesha simu ilikuwa mkononi mwa nani; hilo huachiwa abiria na mashahidi wa kando ya barabara.

Dereva aliyehusika katika ajali iliyojeruhi mtu hutakiwa kusimama, kutoa jina na anwani yake, na kama hakufanya hivyo, kupiga ripoti kwa polisi upesi, wala si baada ya saa 24. Kutoroka ni kosa jingine.

Kisha kuna fidia. Dereva akishapatikana na hatia na muda wa rufaa kupita, hukumu hiyo huwa ushahidi thabiti dhidi yake katika kesi ya madai, ingawa bado aweza kudai kuwa aliyegongwa alichangia ajali. Bima ya lazima hulipa hadi Sh3 milioni kwa kila mdai. Kinachozidi hapo humwangukia dereva, au mwenye gari ikiwa dereva alikuwa kazini mwake. Majeruhi, au familia ya marehemu, wana miaka mitatu ya kufungua kesi.