Ukimya wa Muuaji: Kasi ya Filamu na Hukumu juu ya Mtazamaji wa Migori na Homa Bay

Makala haya yanachunguza hoja inayorudiwa mara kwa mara kuhusu mtazamaji wa filamu wa Afrika Mashariki aliye mbali na miji mikuu, hususan yule wa vibanda vya video vya Migori, Awendo, Rongo, Oyugis, Mbita na Homa Bay. Husemwa kwamba mtazamaji huyo hawezi kuvumilia filamu ya mwendo wa polepole. Kwamba hutaka risasi, mateke na magari yanayopinduka, na kwamba ukimya humchosha. Tunaishuku hoja hiyo, na sababu ya kwanza ya kuishuku ni ya kihistoria.

Kati ya 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika, kituo chao kikiwa Vugiri, Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35, wakazizungusha Afrika Mashariki na ya Kati, na ripoti yao ikatoka mwaka 1937. Miaka 2 baadaye serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, ambamo William Sellers aliyageuza mawazo ya aina hiyo kuwa kanuni: picha ikae muda mrefu, kamera isirukeruke, matukio yafuatane moja baada ya jingine bila kukatizana, kwa kuwa Mwafrika, kwa maoni yake, hakuwa na akili ya kufuata kasi. Kilirudiwa mno kisa cha watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa kwenye pazia, wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. (Hatukumbuki kusoma mahali ambapo msimulizi wa kisa hicho alijiuliza kama watu hao walikuwa wakimfanyia mzaha.) Kitengo hicho kilifungwa mwaka 1955. Migori na Homa Bay, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa katika wilaya moja ya Nyanza Kusini, zilikuwamo katika eneo lililolengwa na sera hiyo.

Basi babu aliambiwa kwamba hawezi kufuata kasi, na mjukuu anaambiwa kwamba hawezi kuvumilia polepole. Hukumu hizi mbili zinapingana, lakini zimetokana na chemchemi moja: zote huanza na mtu badala ya kuanza na kazi ya sanaa na mapatano yake na hadhira.

Tuchukue mfano. Filamu ya Anton Corbijn, The American, ya mwaka 2010, inamhusu muuaji wa kukodiwa ambaye nywele zimeanza kumwota mvi, akiigizwa na George Clooney. Mwanzoni, huko Uswidi, anawaua waliomvizia, na anamuua pia mwanamke aliyekuwa naye, ambaye hakuwa na kosa ila kushuhudia. Baada ya hapo anajificha katika kijiji cha milimani Italia, anatengeneza bunduki kwa ajili ya mteja, anakunywa kahawa, anazungumza na padri, anachungulia barabara tupu. Kwa zaidi ya saa nzima hayo ndiyo karibu yote yanayotokea. Filamu iliongoza mapato ya Marekani wikiendi yake ya kwanza, lakini watazamaji waliohojiwa na kampuni ya CinemaScore walipokuwa wakitoka ukumbini waliipa alama ya D-minasi. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota 4 kati ya 4. Kwa hiyo mgawanyiko huu ulizuka kwanza Marekani kwenyewe, na hakuna aliyesema kwamba Mmarekani hana akili ya kusoma ukimya. Ilisemwa tu kwamba matangazo yaliahidi filamu ya mapambano na wanunuzi wa tiketi wakapewa kitu kingine. Kwa nini maelezo hayo mepesi yasimfae mtazamaji wa Rongo?

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa 1967, alizungumzia upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao. Upeo wa kibanda cha video una istilahi yake. Kuna steringi, na sheria ya kwanza ni kwamba steringi hafi. Sheria hiyo haikuzuka kibandani pekee. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba tangu Kufa na Kupona (1974) anaijua vyema. Corbijn anaivunja: steringi wake anamshinda adui, kisha anakata roho kando ya mto. Mtazamaji anayeguna hapo hakushindwa kuelewa. Ameelewa barabara, na analalamika kwamba mapatano yamevunjwa. Malalamiko kama hayo tumeyasikia kutoka kwa wanafunzi wa shahada wanaosoma Nagona (1990) ya Kezilahabi.

Jambo jingine ni msimulizi. Nchini Kenya DJ Afro, na Tanzania Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kama Lufufu, wamezitia filamu za kigeni sauti ya fanani anayefafanua, anayekejeli, anayewapa wahusika majina mapya. Migori imepakana na Tanzania, Isebania ikitazamana na Sirare, na Kiswahili cha pande zote mbili hukutana hapo. Sauti hiyo hustawi penye vitendo. Penye mtu anayekaza parafujo za bunduki kimya kimya, fanani analazimika ama kuzua au kunyamaza, na anapozua huundwa kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Wahakiki wetu hawajaipa kazi hiyo ya pili uzito unaostahili. Wengi huiita uchafuzi na kupita.

Tena, kuna njia ya kuisoma filamu hii ambayo Ulaya haina. Waluo huamini kuwapo kwa jachien, roho ya marehemu inayorudi kumsumbua aliyemkosea. Kwa aliyekulia katika imani hiyo, kukosa usingizi kwa muuaji yule na kushtuka kwake kwa kila kishindo hakuhitaji falsafa ya upweke wa mwanadamu wa kisasa: ni mtu mwenye damu ambaye hajatakaswa, na padri anamwonyesha mlango asioweza kuuingia. Anayejua habari za Lwanda Magere, shujaa wa mwili wa jiwe aliyeangamia baada ya mwanamke kuijua siri ya kivuli chake, anakuwa na sababu ya kumtazama kwa shaka kila mwanamke anayemkaribia Clooney. Kwake, dakika zile tupu zimejaa taharuki.

Katika onyesho moja muuaji ameketi mkahawani, na runinga inaonyesha Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, filamu ya kikauboi ya 1968. Filamu hiyo nayo hufunguka kwa watu 3 wenye bunduki wakingoja gari moshi, dakika nyingi, karibu bila neno. Afrika Mashariki ilizipenda filamu za kikauboi na kungoja kwake, kwa sababu mwishoni kungoja huko kulilipwa kwa risasi. Corbijn naye analipa, ila malipo yake yanamwangukia steringi.