Mita 25 za Arrigo Sacchi

Kuna ubishi mmoja hauishi vijiweni, nao ni wa nani hasa aliyeleta huu mpira wa kukabia juu. Shabiki wa Liverpool atakwambia ni Klopp. Wa Barcelona atakuapia kuwa ni Guardiola. Mzee aliyekaa pembeni na kahawa yake atawacheka wote wawili, atawatajia Ajax na Uholanzi ya 1974. Naye atakuwa amesahau kwamba kule Kiev, Viktor Maslov aliwafundisha Dynamo kukaba kwa pamoja toka miaka ya sitini, akabeba ubingwa wa Umoja wa Kisovieti mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968.

Leo sina shida na hatimiliki. Swali langu ni jingine: kwa nini timu zinazokaba namna hii zinawaka sana, halafu zinachoka mapema? Mimi jibu nimelipata kwa AC Milan ya Arrigo Sacchi, ya kuanzia 1987 hadi 1991.

Sacchi hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa. Aliwahi kuuza viatu katika biashara ya baba yake, na waandishi wa Italia walipomsimanga kwa hilo, akawajibu kwamba hakujua kuwa mpanda farasi lazima kwanza awe farasi. Mwaka 1986 Silvio Berlusconi aliinunua Milan. Msimu uliofuata, Parma ya Sacchi, timu ya daraja la pili, ikaja San Siro na kuifunga Milan katika Kombe la Italia. Berlusconi hakusubiri sana. Kufika 1987 kocha wa Parma alikuwa kocha wa Milan.

Sasa tuelewane Italia ya wakati ule ilikuwaje. Kule kukaba kulikuwa ni mtu na mtu. Wewe umepewa namba tisa, basi mfuate mpaka kwao. Nyuma ya wote anasimama beki mmoja huru, kazi yake kufagia yaliyowashinda wenzake. Timu ilikuwa ndefu, mabeki wako kwao, washambuliaji wako ng'ambo, na katikati kuna uwanja wa kulima mpunga.

Sacchi akaupindua mpango huo. Mabeki wanne kwenye mstari mmoja: Tassotti, Costacurta, Baresi, Maldini. Hakuna wa kufagia. Na agizo likawa hili: kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mwisho, pasizidi mita 25. Timu ikisogea, inasogea yote. Mpira ukienda kulia, kumi wote wanaelekea kulia, hata yule winga wa kushoto ambaye hana anachokiona huko. Kila mchezaji alitakiwa kujua alipo kwa kutazama vitu vinne: mpira, nafasi, adui na mwenzake. Mazoezini Milanello aliwachezesha bila mpira kabisa. Anataja mahali mpira ulipo, na wachezaji kumi wanahama kama wanaouona.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanaposema kukabia juu ni mbio na pumzi. Ukiwa na mita 25, kila mtu ana hatua chache tu za kwenda. Ukiwa na mita 50, hata ukiwa na mapafu ya punda, utamfikia adui akiwa ameshageuka, ameshatazama na ameshapiga pasi. Anayekaba peke yake anafanya mazoezi ya viungo tu. Sacchi mwenyewe alieleza kwamba ukabaji wao haukuwa wa aina moja. Kulikuwa na wa kunyang'anya mpira, kulikuwa na wa kusogea kiasi ili kumsukuma adui pembeni, na kulikuwa na wa uongo, yaani timu inajifanya inakaba kumbe inapumzika. Adui hajui ni upi, anaharakisha, anakosea.

Kushambulia kulizaliwa humo humo. Mpira ulionyang'anywa karibu na lango la wapinzani hauhitaji pasi ishirini. Mabeki wao wametawanyika, maana sekunde tatu zilizopita wao ndio walikuwa wanashambulia. Ndiyo maana kina Gullit na Van Basten walionekana kama wanacheza na watoto. Walikuwa wakali, hilo sibishi, lakini walipata mpira mahali ambapo washambuliaji wengi wa enzi ile waliuota tu.

Ukitaka ushahidi, tafuta mkanda wa 19 Aprili 1989, San Siro, nusu fainali ya Kombe la Ulaya, marudiano na Real Madrid. Ile Madrid haikuwa timu ya kubeba mizigo. Ilikuwa na Butragueño, Hugo Sánchez na Schuster, na ilikuwa katikati ya kuchukua ubingwa wa Hispania mara tano mfululizo. Mechi ya kwanza ilikwisha 1-1. Ya pili ilikwisha 5-0, wafungaji watano tofauti: Ancelotti, Rijkaard, Gullit, Van Basten na Donadoni. Kiungo, kiungo, mshambuliaji, mshambuliaji, winga. Ukiyahesabu majina hayo utaona kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akisubiri mbele na mwingine akisubiri nyuma. Mwezi uliofuata, Barcelona, wakaifunga Steaua Bucharest 4-0 kwenye fainali. Mwaka 1990 wakalitetea kombe kwa kuifunga Benfica 1-0 mjini Vienna.

Haya, sasa tuje kwenye bili.

Katika misimu minne Sacchi alichukua ubingwa wa Italia mara moja tu, ule wa 1988, ambapo Milan iliruhusu mabao 14 katika mechi 30. Baada ya hapo Inter, Napoli na Sampdoria wakapokezana. Timu iliyoitisha Ulaya nzima haikuweza kuuvuta mwendo ule kila wiki mpaka mwisho wa msimu. Mwendo wenyewe ulihitaji kila mtu akubali kila siku, kwa sababu akigoma mmoja, shimo analoliacha ni la timu nzima. Wachezaji walichoka na marudio ya mazoezi, na kutoelewana kwa kocha na Van Basten kulijulikana hadi nje. Mwaka 1991 Sacchi akaenda timu ya taifa.

Aliyempokea ni Fabio Capello. Akawaacha mabeki wale wale wanne, akalegeza kamba, akawapa mafundi uhuru zaidi. Matokeo yake? Ubingwa wa Italia 1992, 1993, 1994 na 1996, na mechi 58 za ligi bila kufungwa. Wapo wanaosema Capello alikula shamba alilolima Sacchi. Mimi naona pia kwamba alijua lini jembe liwekwe chini.

Sheria nazo zikaja kivyake. Mwaka 1990 mshambuliaji aliye sambamba na beki wa pili kutoka mwisho akaacha kuhesabiwa ameotea. Mtego wa Baresi ukawa hatari zaidi, maana zamani kusimama sambamba kulitosha kumnasa mtu. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kudaka mpira anaorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na hiyo ikawa zawadi kwa wakabaji, kwani beki aliyebanwa hakuwa tena na mahali pa kujificha.

Mbegu haikufa. Katikati ya miaka ya tisini, kocha Wolfgang Frank aliwafundisha Mainz, timu ya daraja la pili Ujerumani, mpira wa Sacchi. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa Jürgen Klopp. Tarehe 7 Mei 2019, Liverpool ya Klopp ilipoifunga Barcelona 4-0, bao la kwanza lilitokana na Mané kunasa mpira ambao Jordi Alba aliurudisha vibaya kwa kichwa, na mmaliziaji akawa Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars. La pili likaanza na Alexander-Arnold kupoteza mpira na kuunyang'anya hapo hapo. Mabao yale yangeeleweka vizuri sana pale Milanello.

Na bili nayo ilikuja vile vile. Dortmund ya Klopp, bingwa wa 2011 na 2012, ilimaliza ya saba katika msimu wake wa mwisho, 2015. Guardiola aliondoka Barcelona 2012 baada ya misimu minne, akisema ameishiwa. Klopp alipotangaza Januari 2024 kwamba anaondoka Liverpool, alisema nguvu zinamwishia. Sacchi alirudi Parma 2001, akaacha baada ya mechi tatu kwa sababu ya msongo wa kazi.

Utanibishia kwamba Guardiola alipokwenda Manchester City 2016 alidumu zaidi. Ni kweli. Lakini tazama timu yake inapumzikia wapi: inapumzika na mpira miguuni, pasi baada ya pasi, mpaka mapigo ya moyo yashuke. Naye alitafuta mahali pa kuweka jembe chini.

Kwa hiyo mchambuzi akikwambia timu fulani "haikabi tena kwa sababu wamekuwa wavivu", usikubali haraka. Acha kuutazama mpira kwa dakika tano. Pima kwa macho umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mwisho. Ukiona umekuwa mrefu, mara nyingi ujue makubaliano yamevunjika mahali fulani, na miguu ndiyo ya mwisho kutoa taarifa.